Mwaka Tuliogombea Lawama

Tulimzika Mutua huko Ngoliba, katika shamba lake la mtama na pojo, siku ya jua kali hata vijana waliochimba kaburi walikuwa wakipokezana sepetu kila baada ya muda mfupi. Wajukuu wake walisoma maisha yake kutoka kwenye kijitabu cha mazishi: alizaliwa, akaokoka, akaoa, akalitumikia kanisa. Vita vya Burma vilipewa sentensi moja, na mwaka tulioishi chumba kimoja katika shamba la kahawa upande wa Mugutha haukutajwa kabisa. Sikumlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeahidi kumtembelea tangu alipovunjika nyonga, nikawa naahirisha, mara mvua, mara gari, mara ule uvivu ambao wazee huuita shughuli. Gathogo alikuwa ameketi nyuma yangu chini ya turubai, fimbo yake katikati ya magoti. Mchungaji alipomaliza kuomba, aliniinamia sikioni. "Karani," alisema, maana mpaka leo hajaniita jina lingine, "hawa watoto hawajui babu yao alikuwa na dini mbili." Nikamwambia hakuwa na mbili, alikuwa na moja pamoja na maneno ya kuiendeshea. Akaangua kicheko, na mama mmoja aliyevaa kilemba cheupe akageuka kututazama kama watoto waliokosa adabu ibadani. Kicheko kile ndicho kilichonirudisha nyumbani nikatafuta karatasi ili niandike juu ya mwaka wa hamsini na nane.

Chumba chetu kilikuwa katika laini ya wafanyakazi, nyumba ndefu ya mawe iliyogawanywa vyumba vyumba kama behewa, bati juu, na kuta za katikati ambazo fundi alizikomesha kabla hazijafika darini. Kwa hiyo moshi wa jirani ulikuwa wetu, na kikohozi chake, na maneno yake na mkewe. Jirani mwenyewe alikuwa Ndirangu, nyapara, ambaye katika miaka mibaya ya Hali ya Hatari alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji aliyeisaidia serikali kuwasaka wapiganaji wa msituni na waliokula kiapo chao, na sote tuliamini amewekwa pale ili atusikilize. Ndani tulikuwa na vitanda viwili vya mbao na kimoja cha magunia, meza iliyotengenezwa kwa sanduku la majani ya chai, jiko la makaa na sufuria moja. Mashambani wakati ule wanaume wasio na wake pale walishirikiana sufuria. Mlichanga posho, mlipika kwa zamu, na tangu siku hiyo mlihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mtu asipofika kazini, aliyeulizwa ni mwenzake wa sufuria. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimeacha sekondari kidato cha pili, na nilikuwa karani wa mizani. Kalamu mbili zilikaa mfukoni mwa shati langu, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Niliona aibu kidogo kushirikiana sufuria na watu wa mashine na mifereji ya kuoshea kahawa. Lakini Mutua alikuwa amejifunza jeshini kupika dengu kwa pilipili na kukanda chapati laini kama kitambaa, na harufu ya chapati zile ilimaliza aibu yangu wiki ya kwanza.

Mutua aliendesha mashine ya kumenya kahawa. Alikuwa Mkamba mrefu mwenye kovu pajani, na ingawa hakuwa amefika umri wa miaka thelathini na tano, mimi nilimwona mzee. Risasi ilimpata Burma, akapelekwa hospitali ya jeshi kaskazini mwa India, na katika kitanda cha pili alilala mtu wa milimani, mwendesha nyumbu, mfuasi wa Buddha, aliyevunjwa mguu na mnyama wake mwenyewe. Hawakuwa na lugha moja. Walikuwa na Kihindustani kidogo cha jeshi, mikono yao, na muda usioisha. Yule mtu alikuwa na maneno mafupi aliyofundishwa utotoni na watawa wa kwao, maneno ya kuufunza moyo jinsi unavyomfunza nyumbu kupita njia nyembamba. Asubuhi anachagua moja, anatembea nalo kutwa. Mutua akayatia katika Kiswahili cha jeshi, na hivyo ndivyo yalivyotufikia sisi, yamebonyea kidogo kwa safari. Nilipomuuliza kama mchungaji wake anajua habari hizo, alisema, "Mchungaji ananiambia nimpende jirani. Huyu wa nyumbu aliniambia nianze na yupi."

"Na ni yupi?"

"Yule anayekukera."

Gathogo aliletwa kwa lori mwanzoni mwa mvua ndefu, akitoka kizuizini. Alikuwa rika langu, mwembamba, mwenye tabia ya kula upesi huku mkono mmoja umeizunguka sahani. Karatasi yake ilisema afanye kazi katika shamba hili, asivuke mpaka wake bila ruhusa, na meneja awe akipeleka habari zake kwa Bwana D.O., afisa wa wilaya. Habari zikiwa nzuri mpaka mwisho wa mwaka, angepewa kipande cha kutembea kama mtu mwingine. Zikiwa mbaya, lori lingekuja tena. Sisi tulijua hivyo, naye alijua kwamba tunajua. Jumapili tulipokwenda Ruiru kununua sukari na sabuni, alitusindikiza mpaka mstari wa mwisho wa mibuni, akasimama hapo kama mtu aliyefika ukingo wa mto uliofurika, akatuangalia mpaka tukapotea. Mutua alimchukua katika sufuria yetu bila kuniuliza. Siku ile ile ya kwanza tulikuwa tukila, sauti ya Ndirangu ikapita juu ya ukuta, akimwuliza mkewe chumvi iko wapi, na Gathogo akaweka kijiko chini. Aliijua sauti ile. Ndirangu alikuwa miongoni mwa waliokizingira kijiji chao.

"Nitamngoja siku moja kule mferejini," alisema polepole.

"Aa, hapana," Mutua akasema. "Kuna neno juu ya hilo. Usimvizie mtu njiani."

"Wewe uliyevizia Wajapani!"

"Ndiyo maana nakuambia. Anayevizia hali, halali, na haja ndogo inambana. Anayeviziwa anapita zake anapiga mluzi."

Gathogo hakucheka siku hiyo, lakini alikishika tena kijiko chake.

Basi ikawa desturi. Kila Jumapili baada ya kanisa, Mutua akiwa anakoroga chochote kilichokuwa jikoni, alitutajia neno la wiki, na aliyelivunja aliosha sufuria. Nilidhani ni mchezo wa kitoto, na kwa sababu hiyo niliosha sufuria kuliko wote. Namkumbuka akisema, "Wiki hii, mzigo wa maksai usimpe ng'ombe jike." Nikamwuliza maana yake kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Maana yake," akasema, "jana ilikuwa zamu yako ya maji, ukamwachia Gathogo debe, ukasema kichwa kinakuuma." Nikajitetea kwamba kiliniuma kweli. "Kilikuuma," akasema, "ukaenda nacho kucheza drafti." Wiki nyingine neno lilikuwa usitaje kiungo kibovu cha mwenzako. Mkono wa kushoto wa Ndirangu ulikuwa umekauka kwa jeraha la panga, na Gathogo hakuwa na jina lingine kwake ila Mkono Mfu. Aliosha sufuria tangu Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema, "Huyo... jirani yetu, amepita hapa?" Upande wa pili wa ukuta tukasikia mtu akikohoa, kikohozi kifupi ambacho hakikuwa cha kifua.

Nikiyatazama sasa, naona kwamba maneno yale hayakutufanya watu wema. Yalitufanya watu wanaojisikia wanapokosea, jambo ambalo ni dogo zaidi, na labda linadumu zaidi. Nami sikuyatumia vizuri baadaye maishani. Nilipooa niliyageuza rungu. Nilimwambia mke wangu kwamba lawama zote zipelekwe kwa mmoja, nikimaanisha yeye, na Mutua aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa akasema nimemfunga nyumbu nyuma ya mzigo. Wanangu walikua wakinisikia nikisema tumshukuru kila mtu, nami nilikuwa nimegombana na majirani wote wa pande zangu. Ninasema haya ili msomaji asidhani nilitoka katika chumba kile nikiwa mtawa. Lakini nikiulizwa ni lini nilikuwa na raha, nitauona ule moshi wa dengu, na Gathogo amekaa juu ya magunia akijaribu kushukuru kunguni.

"Mshukuru kila mtu," alisema akijikuna. "Kunguni ni mtu?"

"Anza na nyapara," Mutua akamwambia, "kunguni utamfikia."

Mwezi wa kumi kahawa iliiva kwa wingi. Punje zikishamenywa hulala ndani ya matangi ya sementi zichachuke, mpaka ute uliozifunika uachie. Ukizisugua kiganjani zikakwaruza kama kokoto, zimeiva, zioshwe mara moja. Zikipita wakati zinaoza, na gunia moja la namna hiyo linaweza kuharibu harufu ya mengine mengi. Mutua alijaza matangi kutoka kwenye mashine, Gathogo aliosha, na mimi niliandika kwa chaki kwenye ubao ukutani, tangi gani limejazwa lini, ili waoshaji wajue lipi litangulie. Jumamosi moja kulikuwa na mpira Ruiru, na nilikuwa nimeshapiga pasi suruali yangu. Mutua alipojaza tangi la tatu, mimi nilikuwa nimekwisha kunawa mikono. Sikuandika. Nilikwenda mpirani, timu yetu ikafungwa, nikarudi nikilalamikia refa. Jumatatu asubuhi harufu ilitufikia kabla hatujafika kiwandani. Tangi la tatu lote lilikuwa limeoza.

Meneja tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Alituita ofisini watatu, mimi mbele, wenzangu nyuma yangu. "Nani naharibu kahawa yangu?" aliuliza. Sasa, neno la wiki ile lilikuwa hilo la lawama: lawama zote zipeleke kwa mmoja, na huyo mmoja ni wewe mwenyewe. Nikasema, "Kosa ni langu, Bwana." Nakiri kwamba nililisema kwa sauti ya kutosha Mutua alisikie, kama mwanafunzi anayejibu swali mbele ya mkaguzi. Kabla sijaongeza la pili, Mutua akasema nyuma yangu, "Hapana, Bwana. Kosa ni langu. Mimi nilijaza tangi, na sikuhakikisha limeandikwa." Na Gathogo, ambaye alikuwa hajawahi kumsemesha meneja, akasema, "Kosa ni langu. Nilisikia harufu jana, nikaogopa kugusa bila amri."

Kama tulitazamia asifiwe mmoja wetu, hatukuifikiria nchi tuliyokuwamo. Bwana Kofia alitutazama mmoja mmoja, na uso wake ukabadilika rangi. Watu watatu wa chumba kimoja, mmoja ametoka kizuizini, wakisema maneno yale yale kwa zamu. "Nani nafundisha nyinyi?" akauliza. "Hii iko kiapo. Nyumba moja, neno moja. Mimi nasikia habari ya nyinyi Jumapili." Akafungua kabati, akatoa faili la Gathogo, akaliweka mezani. "Wewe tarudi kambi. Leo napiga simu kwa D.O."

Gathogo alirudisha mikono nyuma na kuishikanisha, akasimama jinsi walivyosimamishwa huko alikotoka. Sijaisahau ile mikono. Mutua alianza kueleza habari za India na nyumbu, na kila alivyoeleza ndivyo zilivyozidi kuonekana uongo. Mimi ndiye niliyekuwa na maelezo yenye kichwa na miguu: ubao, chaki, mpira. Kosa la kizembe la karani lingeeleweka hata na Bwana Kofia. Lakini nilipoona faili lile mezani, nilihofia kwamba atakayesema tena atafunguliwa lake. Lawama niliyoipokea kwa sauti kubwa ilipokuwa nyepesi sasa ilikuwa na uzito, nami nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri.

Ndirangu akaitwa. Aliingia amevua kofia, mkono wake uliokauka umebanwa ubavuni. "Ndirangu," meneja akasema, "wewe nakaa karibu. Hawa nasema nini Jumapili?"

"Nasikia, Bwana. Ukuta haufiki juu."

"Sema."

Ndirangu akasimama wima kama anayeitwa katika gwaride. "Wanasema mshukuru kila mtu. Wanasema usimvizie mwenzako njiani. Wanasema usingoje kupigiwa makofi. Wanasema usitaje kiungo kibovu cha mtu." Akaugusa mkono wake uliokauka. "Walikuwa wakinitaja. Siku hizi hawanitaji. Kuna lingine la maksai na ng'ombe, hilo sijalielewa vizuri."

"Nani naapa?"

"Hakuna anayeapa, Bwana. Anayekosea anaosha sufuria."

"Wewe najua kiapo?"

"Nakijua sana. Nimewakamata watu wa kiapo usiku na mchana. Sijaona kiapo cha kuosha sufuria."

Bwana Kofia alikaa. "Na hii ya kosa langu, kosa langu?"

"Ni la wiki hii, Bwana. Tangu jana wanagombea. Chai ikimwagika, huyu anasema ni mimi, yule anasema ni mimi. Hata mimi nimelijaribu kwa mke wangu. Nilimwambia, mama, kosa ni langu."

"Halafu?"

"Alinipima homa kwa kiganja."

Meneja aligeukia dirisha. Mabega yake yalitikisika mara moja tu, lakini sote tuliona. Alipogeuka alikuwa mkali tena, akasema yeye anataka kosa moja na jina moja. Hapo ndipo nilipopata sauti yangu, baada ya mtu ambaye tulikuwa tukimchukia kunifungulia njia. Nikaeleza ubao, na tangi la tatu, na mpira. Niliondolewa kwenye mizani nikatiwa mferejini mpaka mwisho wa msimu, nikasimama kwenye maji baridi karibu na Gathogo, nikajifunza kujua kwa kiganja kahawa iliyo tayari. Faili likarudishwa kabatini. Bwana Kofia hakupiga simu.

Jioni ile nilimngoja Mutua aniambie nilifanya vyema mwishowe. Alikuwa akikanda unga. Nilizunguka zunguka, nikatengeneza moto ambao haukuhitaji kutengenezwa. Aliinua macho, akaniambia, "Nipe chumvi." Ndipo Gathogo akasimama juu ya kitanda cha magunia, akainua kichwa kuelekea pale ukuta ulipoishia.

"Ndirangu!"

"Nini?"

"Umekula?"

Tulimsikia mke wa Ndirangu akinong'ona.

"Nauliza, umekula?"

"Kuna nini?"

"Dengu. Na chapati."

Alikuja na kigoda chake mwenyewe, kana kwamba asingependa kudaiwa hata pa kukalia. Gathogo akamkatia chapati vipande, kwa kuwa mkono mmoja haukati chapati ya moto, na hakutaja kwa nini anakata. Akamwuliza, "Ulisema vile kwa nini?" Ndirangu akajibu kwamba aliulizwa alichosikia, akakisema. Hakuomba msamaha wa mambo ya kijijini, wala hakuombwa. Nisipake rangi: hawakuwa marafiki, na baada ya uhuru kila mmoja alikwenda upande wake. Walikula pamoja siku ile na siku nyingine chache. Kabla hajaondoka aligeuka mlangoni akamwambia Mutua, "Sasa nifafanulie hilo la ng'ombe."

Mwaka mpya ulipoingia, kipande cha Gathogo kilikuja. Alikipokea, akakitia mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo, akauliza kama nina shughuli. Tulitembea mpaka Ruiru, tukapita mstari wa mwisho wa mibuni bila yeye kupunguza mwendo. Siku hizi mahali pale pana majumba ya kupangisha, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani, na siwezi kuonyesha mpaka ulikuwa wapi. Alikwenda moja kwa moja stesheni, akakata tiketi za Thika, za daraja la tatu, yake na yangu. Alichagua kiti cha dirishani. Treni ilipoanza kuvuta, niliona huo ndio wakati wa kumwambia habari ya viatu vyangu siku ile ofisini, nikaanza: "Gathogo, siku ile kwa Bwana Kofia mimi ni..."

"Karani," akasema bila kugeuka, "unanizibia upepo."

Nikarudi nyuma kidogo. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakipita, mistari ikifunguka na kufungana. Uso wake ulikuwa umeelekea nje, macho yamebanwa kwa vumbi, na alikuwa akitabasamu peke yake. Baada ya muda nikamwuliza anakwenda kumwona nani Thika.

"Simwoni mtu."

"Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Kurudi," akasema.